Kufanyia kazi nyumbani Mbeya: anza na umeme, kiti baadaye

Wengi wanaoomba kufanyia kazi nyumbani hukimbilia kununua meza na kiti. Kinachowarudisha ofisini ni umeme kukatika na mtandao kuyumba, kwa hiyo anzia hapo.

Kabla ya hapo, piga hesabu. Zidisha nauli ya kwenda na kurudi kwa siku 22 za kazi za mwezi, kisha pima muda unaopotea barabarani. Anayetoka Mbalizi au Uyole hugawana barabara moja na malori ya Tunduma, na lori likikwama Mlima Iwambi asubuhi hakuna daladala itakayomsaidia wa Mbalizi. Anayekaa Mafiati na ofisi yake iko Kabwe atembee tu. Faida ya kubaki nyumbani kwake ni ndogo.

Kompyuta mpakato ya wati 60 ikifanya kazi saa 8 haifikishi hata nusu yuniti ya LUKU. Gharama kubwa iko kwenye bando. Kikao cha video cha watu wengi hula karibu GB 1 kwa saa, wakati sauti peke yake hula makumi ya MB tu. Zima kamera kila inaporuhusiwa.

Umeme wa akiba: betri ya sola ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa), ina Wh 1,200 (wati-saa, yaani 12 mara 100). Ikiwa ni ya asidi au jeli, tumia nusu tu, yaani Wh 600, la sivyo itakufa mapema. Kompyuta na rauta pamoja ni kama wati 70, na ukiongeza kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, unapata kama saa 7. Betri ya gari haifai: imeundwa kuwasha injini kwa mkupuo, na ukiinyonya polepole kila siku haidumu. Kama bajeti ni ndogo, nunua UPS ndogo (betri inayoshika umeme ukikatika) ya rauta peke yake, maana kompyuta ina betri yake. Soma kwanza kibandiko cha rauta: ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza.

Mtandao upime pale pale mezani utakapokaa, saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, kwa siku tatu. Usidanganywe na kasi ya kupakua. Vikao hukwama kwenye kasi ya kupakia. Ikiwa chini ya Mbps 2, hamia dirisha lingine, hasa kama nyumba iko bondeni au nyuma ya kilima. Weka laini mbili za kampuni tofauti, kwani umeme ukikatika muda mrefu hata mnara huweza kuzimika.

Kuanzia Novemba hadi Aprili, adui ni bati. Chumba kisicho na dari hakifai kwa kikao mvua ikinyesha, hata ukipaza sauti. Mvua nyingi hushuka mchana na jioni, basi omba vikao vyako viwe saa 3 au 4 asubuhi, na alasiri iwe ya kuandika. Tumia hedifoni yenye maiki karibu na mdomo. Radi ikianza, chomoa plagi na waya wa mtandao. Kuzima swichi hakutoshi.

Juni hadi Agosti ni baridi, na Makete au Njombe ndiyo zaidi. Hita ya wati 1,500 kwa saa 4 hula yuniti 6, umeme ambao ungeendesha kompyuta yako siku 12. Weka meza upande wa jua la asubuhi, vaa soksi nzito, jaza chupa ya chai. Jiko la mkaa usiliingize kabisa kwenye chumba kilichofungwa: hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua.

Mwisho, mkubaliane na mwajiri kwa maandishi: nani analipa bando, siku zipi unafika ofisini, na ufanye nini umeme ukikatika. Saa za kawaida kisheria hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, nyumbani pia. Siku za ofisini zipangie kazi za kukaa pamoja, kama mahesabu ya mwezi na kumfundisha mgeni. Kwenda mjini kujibu barua pepe ni kupoteza nauli.