Mvua ya mawe imepita, fundi wa paa anabisha hodi

Mvua ya mawe ikishapiga mtaa wa Dallas au Fort Worth, miji ya Texas, Marekani, mafundi wa paa huanza kupita nyumba kwa nyumba. Waaminifu wapo. Ila Texas haina leseni ya jimbo kwa mafundi wa paa, kwa hiyo kadi nzuri na gari lenye nembo havithibitishi chochote.

Usimruhusu mgeni apande juu kabla hujapiga picha zako. Simama chini, piga picha mifereji, mabomba ya hewa yaliyochomoza paani na mapezi ya kiyoyozi cha nje. Mawe hayachagui: yakiumiza vigae vya lami, kwa kawaida yanabonyeza na mabati laini. Alama zake zimetapakaa ovyo, na ukigusa kigae pananepa kama embe lililopondeka. Alama za nyundo, anazogonga fundi tapeli ili zionekane za mawe, hufanana ukubwa, zimerundikana katikati ya vigae, huku mifereji ikiwa haina hata mbonyeo.

Kisha ipigie kampuni ya bima wewe mwenyewe, kwa namba iliyo kwenye hati yako ya bima. Fundi anaruhusiwa kueleza bei na kazi yake. Kukujadilia madai na bima haruhusiwi kisheria.

Akikuambia "sehemu yako usilipe, niachie mimi", yaani kiasi unachopaswa kutoa mfukoni mwako kabla bima haijalipa, mkatae hapohapo. Tuseme nyumba ina bima ya dola 300,000 na sehemu yako kwa mvua ya mawe ni asilimia 2, yaani dola 6,000. Paa likigharimu 15,000, bima inalipa 9,000. Anayekusamehe hizo 6,000 ataziandika kwenye ankara ya uongo ya 21,000, au atakuwekea vigae duni. Tangu 1 Septemba 2019 sheria ya Texas inakutaka uilipe sehemu hiyo, na fundi anayeahidi kuifuta anatenda jinai. Bima inaweza kudai ushahidi, kwa mfano hundi iliyolipwa au taarifa ya kadi, kabla ya kuachia fedha ilizozuia kwa ajili ya uchakavu, yaani thamani ambayo paa la zamani lilipoteza kwa umri. Usipokuwa nao, fedha hizo zinakwama.

Karatasi ya "ruhusa ya kukagua tu" isome yote. Mara nyingi ndani yake mna mkataba unaokufunga bima ikishaidhinisha. Ukiwa umesaini mlangoni kwako, kwa kawaida sheria ya shirikisho inakupa siku 3 za kazi kughairi, Jumamosi ikihesabiwa. Ghairi kwa maandishi, ubaki na nakala.

Baada ya janga lililotangazwa na gavana, fundi asiye na ofisi kwenye kaunti yako au ya jirani kwa angalau mwaka 1 hapaswi kudai hata senti kabla ya kuanza kazi. Hundi ya bima usimsainie.

Malipo ya mwisho yashikilie mpaka akupe hati kwamba muuza vigae na vibarua wote wamelipwa. Wasipolipwa, wanaweza kuidai nyumba yako.