Bia ya Krismasi yenye viungo isiwe barafu

Ukipata chupa ya bia ya Krismasi ya Ubelgiji au Uingereza, zile nzito zenye viungo, usiinywe ya baridi kali kama tulivyozoea Dar. Baridi hufunika harufu, na harufu ndiyo uliyoilipia. Itoe kwenye friji uiache mezani. Kwa joto letu la Desemba dakika 10 hivi zinatosha. Sisemi unywe ya moto, bali ifike nyuzi 10 hadi 13.

Mimina nusu glasi tu, unuse kabla ya kuonja. Njia ninayoipenda sana: nunua Kariakoo mdalasini, karafuu na kungumanga, ponda kidogo, kila kimoja kwenye kisosi chake. Nusa kimoja kimoja, kisha rudi kwenye glasi. Kungumanga mara nyingi hujitokeza ukishameza. Ila karafuu isikudanganye: katika bia nyingi za Kibelgiji harufu ile hutoka kwenye hamira yenyewe, wala hakuna aliyetia karafuu.

Nyingi zina kilevi asilimia 6 hadi 10, kwa hiyo chupa moja gawaneni wawili, na gari libaki nyumbani.