Injini ya Gari Kuukuu Ikifa: Uitengeneze au Uweke Nyingine?

Fundi akishatamka kwamba injini imekufa, mwenye gari huuliza bei papo hapo. Ni mapema mno. Injini hufa kwa njia nyingi: valvu zimepinda, gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloki, yaani mwili wake) imeungua, beringi imesagika, au konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini) imekatika na kutoboa bloki. La kwanza hutengenezwa bila hata kuishusha injini. La mwisho, bloki hiyo ni chuma chakavu. Kabla hujajua ni lipi kati ya hayo, bei yoyote utakayotajiwa ni ya kubahatisha. Pia usikubali injini ishushwe kabla ya vipimo, kwa sababu ikishashushwa utajikuta umeshaamua nusu ya jambo.

Hakikisha kwanza kwamba imekufa kweli

Injini ikigoma kuzunguka kabisa, anza na vya nje. Pima betri, safisha vichwa vyake na ukague waya wa ardhi na stata. Kisha toa mkanda wa nje unaozungusha alteneta na kompresa ya kiyoyozi. Kompresa iliyokwama huweza kuzuia injini nzima isizunguke, na watu wamewahi kuuza injini isiyo na ubaya kwa sababu hiyo. Bado imegoma? Ng'oa plagi zote, weka soketi yenye mpini mrefu kwenye boliti ya pulii ya kranki, uzungushe kwa mkono kuelekea upande inakozungukia siku zote. Ikikubali, na maji au petroli ikaruka kwenye matundu ya plagi, basi silinda ilikuwa imejaa kimiminika, na kimiminika hakikandamiziki kama hewa. Injini ya namna hiyo huenda ikapona, ila kama stata ilipigwa kwa nguvu au gari liliingia kwenye maji likiwa linatembea, pima kama konrodi hazijapinda. Dalili yake ni silinda moja yenye kompresheni (shinikizo la hewa inayokandamizwa) ya chini bila uvujaji wowote, kwa kuwa pistoni yake haifiki tena juu kabisa.

Kinyume chake ni injini inayozunguka kwa wepesi kuliko kawaida, bila ule mdundo wa kila silinda inapokandamiza hewa. Hapo mkanda au cheni ya taimingi, inayounganisha kranki na kamshafti (shafti inayofungua valvu), imekatika. Fungua kifuniko cha kumiminia oili, tazama ndani wakati mwenzako anapiga stata: kama kamshafti imetulia, jibu umelipata. Madhara hutegemea muundo. Kuna injini ambazo pistoni ikiwa juu haiwezi kuigusa valvu iliyofunguka. Hizo hudai mkanda mpya tu. Kwa nyingine, pistoni na valvu hutumia nafasi moja kwa kupishana, na mkanda ukikatika hugongana. Mwongozo wa injini yako utakuambia iko kundi gani. Usifunge mkanda mpya na kupiga stata ili "kujaribu". Panga taimingi, zungusha mizunguko miwili kamili kwa mkono, kisha pima kompresheni.

Kupima kompresheni bila kujidanganya

Kipimo hiki hufanywa ovyo kuliko vyote. Pasha injini moto kama inawaka, hakikisha betri imejaa, zima pampu ya mafuta na umeme wa plagi, ng'oa plagi zote (si moja moja), na kanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho ili hewa iingie bila kizuizi. Piga stata mpaka kila silinda ikandamize mara tano au sita, idadi ileile kwa zote, na uandike namba.

Injini nyingi za petroli zikiwa na afya husoma kati ya 150 na 200 psi, yaani kama bar 10 hadi 14. Za dizeli ziko juu zaidi, mara nyingi bar 25 hadi 35, na hudai geji yake maalumu. Tofauti kati ya silinda ina uzito kuliko namba yenyewe. Zote zikisoma 140, hiyo ni injini iliyochakaa kwa usawa na bado ina maisha. Tatu zikisoma 170 na moja 60, kuna kitu kimevunjika mahali pamoja.

Kwa injini ya petroli, mimina oili kiasi cha kijiko cha chai kwenye silinda dhaifu, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi (pete za pistoni) au ukuta wa silinda umelika, kwa kuwa oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopanda, tuhumu valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, karibu kila mara gasketi imeungua katikati yake.

Kinachothibitisha ni hewa ya kompresa. Weka pistoni ya silinda hiyo juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, uzuie injini isizunguke, kisha ingiza hewa kupitia tundu la plagi na usikilize. Hewa ikisikika kwenye ekzozi, ni valvu ya kutoa moshi. Ikisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya kuingiza. Ikitokea kwenye kifuniko cha oili, ni ringi. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi au ufa. Ukiwa na geji ya uvujaji, upotevu chini ya asilimia 10 ni mzuri. Ukipita 25 silinda hiyo inahitaji kufunguliwa.

Mwisho, mwaga oili kwenye chombo safi na uikate filta ya oili kwa kikata bati. Nyoosha karatasi yake juani. Vumbi la kijivu kidogo ni la kawaida kwa injini kuukuu. Chembe zinazometa rangi ya shaba au fedha na zisizoshika sumaku zimetoka kwenye beringi. Zinazoshika sumaku ni chuma, labda kamshafti, ringi au giya za pampu ya oili. Oili iliyogeuka kama maziwa ina maji ndani yake. Ila usichanganye hayo na ute mweupe mdogo chini ya kifuniko cha oili: gari la safari fupi za asubuhi huwa nao bila ugonjwa wowote.

Yanayotengenezeka kwa faida

Mambo ya juu, yaani hedi, valvu, gasketi na taimingi, mara nyingi yanafaa kutengenezwa, mradi kompresheni ya silinda nyingine ni nzuri na filta haina chembe za beringi. Hapo hakuna sababu ya kutupa injini ambayo sehemu yake ya chini ni nzima.

Injini iliyochemsha ichunguzwe kwa ukali zaidi. Weka rula ya chuma iliyonyooka kabisa juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe, na ujaribu kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Kwa hedi nyingi za aluminiamu, mwanya wa milimita 0.05 ni mwisho wa kuvumilika. Zaidi ya hapo inasawazishwa kwa fundi mchonga vyuma, mradi unene wake haushuki chini ya kiwango cha mtengenezaji. Uso wa bloki nao upimwe, jambo linalosahaulika sana. Kabla ya kulipia kusawazisha, omba hedi ipimwe nyufa kwa shinikizo. Nyufa hupenda kujificha kati ya viti vya valvu, na hedi yenye ufa iliyosawazishwa vizuri bado ni hedi mbovu. Iliyochemshwa kupita kiasi huweza pia kulainika: boliti hazishiki nguvu, gasketi mpya inaungua tena baada ya muda mfupi. Ukiona nyuzi za boliti zinang'oka, tafuta hedi nyingine.

Wakati wa kufunga, tumia boliti mpya pale ambapo mtengenezaji anataka zikazwe kwa nyuzi za pembe (digrii), maana hizo hutanuka na hazirudi urefu wake. Safisha mashimo yake: oili au maji yakibaki chini ya boliti, usomaji wa toki (nguvu ya kukazia) unakudanganya na bloki inaweza kupasuka. Kaza kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje.

Mlio wa kugonga kutoka chini, unaokua ukikanyaga mafuta, ni habari nyingine. Ukizima injini mapema, kranki huenda ikawa na mikwaruzo tu, na inachongwa kwa kipimo cha 0.25 au 0.50 ya milimita na kufungwa beringi nene za kipimo hichohicho. Uliza kwanza kama kranki yako inaruhusiwa kuchongwa, maana baadhi zimegandishwa ugumu juu juu na watengenezaji wamekataza. Gari likiendeshwa na mlio huo kwa siku kadhaa, mara nyingi konrodi, kranki na bloki vyote vimeguswa. Hapo kubadilisha beringi peke yake ni kupoteza fedha. Beringi mpya juu ya kranki iliyochubuka husagika tena upesi.

Injini inayokula oili nayo usiihukumu haraka. Moshi wa buluu asubuhi tu, kisha unakoma, mara nyingi ni sili za valvu. Moshi wa buluu unapokanyaga mafuta ni ringi. Na ile valvu ndogo ya kupumulia kranki, ikiziba, huisukuma oili isikotakiwa hata kwenye injini nzima. Ni kifaa cha bei ndogo, kibadilishe kwanza.

Ovaholi au injini ya mtumba?

Ugonjwa ukiwa umefika kwenye silinda na kranki, chaguo ni kufungua injini yote na kuiunda upya (ovaholi), au kuleta nyingine.

Ovaholi ina maana pale tu inapofanywa kamili: silinda zipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili, zikiwa zimelika kuliko kiwango, zichongwe na pistoni za saizi kubwa zinunuliwe, au zivalishwe slivu (mirija mipya ya ndani). Ringi mpya ndani ya silinda iliyopinduka umbo hazizibi. Kila ringi iingizwe peke yake ndani ya silinda na mwanya wa ncha zake upimwe. Kwa kadirio la jumla, ringi ya juu hutaka kama milimita 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo, hivyo silinda ya milimita 80 itahitaji kama 0.32. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi ikipata joto ncha zinagusana na kuvunjika. Baadhi ya bloki za aluminiamu zenye ukuta wa silinda uliopakwa tabaka maalumu hazichongwi kwa mashine za kawaida. Kama yako ni ya aina hiyo, elekea kwenye injini nyingine.

Kama huna fundi mchonga vyuma unayemwamini mwenye vipimo sahihi, ovaholi ni hatari kuliko mtumba. Huo ni msimamo wetu hata kama spea zote ni za asili.

Injini ya mtumba inafungwa haraka lakini hujui ilikoishi. Idai ipimwe kompresheni mbele yako. Linganisha msimbo (code) wa injini, si jina la gari tu, kwa sababu injini mbili za jina moja huweza kutofautiana sensa, wayaringi, manifoldi na kompyuta. Tazama chini ya kifuniko cha oili: lami nyeusi ngumu maana yake oili haikuwa ikibadilishwa. Kutu kwenye njia za maji inakuambia ilitumia maji matupu. Pata dhamana ya maandishi na nyaraka za uhalali wake, kisha uliza mamlaka ya usajili namba mpya ya injini inaandikishwaje.

Kabla haijaingia kwenye gari, badilisha mkanda wa taimingi na tenshena (kikazio) yake, pampu ya maji, thamostati, sili ya nyuma ya kranki, gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na plagi. Kazi hizi ni nyepesi injini ikiwa chini na ni mateso ikiwa ndani. Klachi nayo ikaguliwe wakati huohuo.

Hesabu

Kosa la kawaida ni kulinganisha gharama ya injini na bei ya kuuza gari lako. Linganisha na gharama ya kupata gari lingine la hali kama hii, ambalo nalo hulijui siri zake. Katika gharama hiyo punguza kile utakachopata ukiliuza hili likiwa bovu. Ila hesabu hiyo inasimama tu kama bodi ni zima. Pandisha gari juu na ugonge kwa bisibisi fremu, sakafu na mahali saspensheni inapofungwa. Bisibisi ikizama kwenye kutu, acha habari ya injini. Giaboksi inayoteleza nayo iingizwe kwenye gharama sasa, isije ikakushtua baada ya miezi miwili. Ongeza akiba ya robo juu ya makadirio ya fundi. Boliti hukatika na mipira ya maji hupasuka ikiguswa. Fedha ulizokwisha kutumia mwaka jana kwa matairi na breki zisiingie kwenye uamuzi huu.

Kilichoiua kisiachwe ndani ya gari

Injini nyingi zilizobadilishwa hufa tena kwa ugonjwa uleule. Kama ilichemsha, rejeta ipimwe mtiririko au ibadilishwe, feni na swichi yake zijaribiwe. Kama beringi zilisagika, chembe zake zimejaa kwenye kipozaoili na mabomba yake, na hakuna namna ya kukisafisha kikaaminika: weka kipya. Turbo nayo ifunguliwe. Kama pistoni ilitoboka, nozeli (kinyunyizia mafuta) ya silinda hiyo ipimwe, maana huenda ilikuwa ikitoa mafuta pungufu au, kwa dizeli, kuyadondosha badala ya kuyanyunyiza.

Siku ya kuwasha, zungusha injini bila mafuta wala umeme wa plagi mpaka shinikizo la oili lionekane kwenye geji, ndipo uiwashe. Injini iliyoundwa upya isiachwe ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Ringi hukaa vizuri kwa kupewa mzigo wa wastani na kuachiwa, mwendo ukibadilika-badilika. Mwaga oili ya kwanza ikifika kilomita 500 hadi 1,000, na filta yake ikatwe na kusomwa kama ile ya mwanzo. Chembe zinazometa zikionekana tena, simamisha gari hapohapo na urudi kwa fundi dhamana ikiwa bado hai.