Kuchagua Bunduki ya Marisau ya Mtutu Juu na Mtutu Chini, kwa Kanga na kwa Visahani

Bunduki ya kwanza ya aina hii niliyonunua ilikuwa na nakshi za ndege pande zote mbili na kitako cha mbao iliyong'aa kama asali. Kitako hicho kilinizidi urefu kwa karibu sentimita tatu. Msimu mzima nilikosa kanga, na baya zaidi, niliwajeruhi wengine wakapotelea vichakani nisiwapate. Ndege aliyejeruhiwa na kuachwa ni deni la mpigaji. Ndiyo maana katika mwongozo huu kipimo cha mwili kinatangulia jina la kiwanda.

Hatua ya 1: Vibali, kisha matumizi

Hapa Tanzania umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuwinda ndege ni kibali kingine, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na wa kuwaona ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Usimlipe muuzaji hata senti kabla hujajua unaruhusiwa nini.

Halafu jipime kwa ukweli: kwa kila katriji mia utakazopiga, ngapi ni za porini na ngapi ni za visahani, yaani vile vya udongo vinavyorushwa hewani ili vipigwe? Mwindaji wa kwale na kanga hutembea kutwa nzima akapiga mara chache. Mpiga visahani anaweza kumaliza katriji mia asubuhi moja akiwa amesimama. Jibu hilo utalihitaji kwenye uzito.

Hatua ya 2: Ikae mwilini mwako

Kila unaposhika bunduki, hata kama muuzaji amekuapia kuwa ni tupu, ifungue na utazame vyumba vyote viwili vya katriji kwa macho yako. Uzuri wa bunduki inayokunjika katikati ni kwamba kila aliye karibu anaona mwanga ukipita kwenye mitutu.

Kwanza jua jicho lako tawala. Unganisha viganja uache tundu dogo katikati, tazama kitu kilicho mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linalobaki na kile kitu ndilo linalolenga. Kama unapigia bega la kulia huku jicho tawala ni la kushoto, lijue hilo kabla ya kununua. Wengi huishia kulaumu bunduki isiyo na kosa.

Sasa elekeza bunduki tupu upande salama, fumba macho yote mawili, ipandishe begani kwa utulivu mpaka shavu liguse mbao, ndipo ufumbue. Usisogeze kichwa. Unapaswa kuona ushanga wa mbele ukiwa katikati, na utepe wa chuma ulio juu ya mtutu ukionekana kidogo tu chini yake. Ukiona nyuma ya bunduki peke yake, shavu limezama mno na utapiga chini. Ukiona utepe mrefu kama barabara, utapiga juu. Rudia mara kumi. Bunduki inayokufaa hurudi palepale kila mara bila wewe kuitafuta.

Urefu hupimwa kutoka kwenye kifyatulio hadi katikati ya kitako. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na sentimita 37 hivi. Ukiwa umelenga, kati ya pua yako na kidole gumba cha mkono wa kufyatulia paingie vidole viwili au vitatu. Kitako kirefu hunasa kwenye nguo wakati kanga ameshainuka. Kifupi mno hukugonga pua. Wanawake na vijana huuziwa vitako virefu mara nyingi mno, kisha wanaambiwa hawana shabaha. Hilo linaniudhi sana, kwa sababu fundi mzuri anaweza kukifupisha.

Hatua ya 3: Uzito, mitutu na kipimo cha katriji

Bunduki nyepesi huwahi ndege lakini hupiga teke kali. Nzito hutulia na kufuata kisahani kwa ulaini. Za porini huwa na kilo 3 hivi, za visahani 3.5 hadi 3.8. Kwa mtu wa kazi zote mbili, ninapendekeza namba 12 (namba ni kipimo cha upana wa mtutu, na ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba) yenye kilo 3.3 hivi na mitutu ya sentimita 76. Namba 20 ni tamu kwa kwale na kwa mtu wa umbo dogo, ila katriji zake uziulizie mjini kwenu kwanza. Chumba cha katriji cha urefu wa milimita 70 kinatosha. Usitie kamwe katriji ya milimita 76 kwenye chumba cha 70, hata kama inaingia.

Hatua ya 4: Choki

Choki ni ule mbano wa mdomo wa mtutu unaoamua marisau yatasambaa kiasi gani. Nunua bunduki ambayo choki zake zinafunguliwa kwa ufunguo. Mimi huweka mbano wa robo kwenye mtutu wa chini na wa nusu kwenye wa juu, na kwa kazi nyingi sizigusi tena. Kisahani cha kawaida kina kipenyo cha milimita 110, kwa hiyo mtawanyiko wenye mapengo hukiacha kipite kizima.

Hatua ya 5: Kagua chuma

Hapa usiharakishwe. Ondoa mshikio wa mbele, funga bunduki, shika kitako na uitikise kando ya sikio. Ukisikia ulegevu wowote, bawaba zimelika. Tazama wenzo wa kufungulia: kwenye bunduki ambayo haijachoka, hubaki umeegemea kulia kidogo. Ukiwa umevuka katikati kwenda kushoto, kufuli limetumika sana.

Bawaba hizo hutofautiana kwa mtindo wa mbunifu. John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, alifariki Ubelgiji mwaka 1926 kabla ya kukamilisha bunduki yake ya juu-chini. Mwanawe Val aliiendeleza, na mauzo yakaanza mwaka 1931. Bunduki hiyo ya Browning ina pini nene inayopita upana mzima chini ya mitutu, hivyo mwili wa bunduki una kina. Beretta, kiwanda cha Gardone nchini Italia, huweka egemeo fupi ubavuni, mwili unakuwa mfupi kwenda juu, na egemeo likilika hubadilishwa. Zote mbili ni imara. Acha mkono wako uchague.

Ning'iniza mitutu kwa kidole na uigonge kwa ukucha. Ilie kama kengele. Ikitoa sauti ya debe, utepe umeachia mahali. Kisha itazame ndani kuelekea mwangani: vivuli vya mviringo visivyo sawa ni dalili ya kubonyea, na mtutu uliovimba uache hapohapo dukani. Angalia nyufa pale mbao inapokutana na chuma. Namba za mitutu, mwili na mshikio zifanane.

Kwa kufyatulia tumia katriji bandia. Uliza pia kama kifyatulio hutegemea mshtuko wa risasi ya kwanza ili kuandaa ya pili. Cha namna hiyo kikikutana na katriji mbovu, mtutu wa pili hauko tayari.

Hatua ya 6: Karatasi kabla ya pesa

Kwenye uwanja wenye ukuta wa udongo, tundika karatasi pana yenye doa katikati, simama mita 15, pandisha na piga bila kulenga kwa kukawia. Piga tano, kisha rudia kwa mtutu wa pili. Mitutu yote ipige mahali pamoja. Ikipishana, rudisha bunduki, maana hilo kosa halirekebishiki kwa bei nafuu. Ikipiga pamoja lakini chini kwa sentimita 5, hilo ni la mbao tu: pa kuegemeza shavu painuliwe kama milimita 3. Mpelekee fundi karatasi yenyewe, ukiwa umeandika umbali, choki na aina ya katriji.