Mashine ya kufulia inavuja? Jua kwanza inavuja wakati gani, ndiyo ushike bisibisi

Wiki iliyopita shemeji yangu wa Kimara alinitumia video, sakafu ya bafuni imejaa maji, mashine imezimwa, na sauti yake nyuma inasema, "Shemeji, raba ya mlango imeharibika tena, na umeibadilisha juzi tu." Ni kweli niliibadilisha mimi mwenyewe, na ile raba haikuwa na kosa lolote, hata ya zamani niliyoitoa ilikuwa nzima. Siku mbili zilipotea pale kabla sijaelewa maji yanatoka wapi, na kwa kuwa wiki hii tena watu wawili wameniuliza swali lile lile nimeona niandike yote mara moja.

Naongelea mashine za otomatiki za mlango wa mbele. Zile za matangi mawili zina mambo machache tu, mara nyingi ni mpira wa kutolea maji au valvu ya raba pale chini, zenyewe tutaziongelea siku nyingine.

Hatua ya 1: Umeme na maji

Chomoa plagi ukutani, usiishie kuzima swichi ya mashine. Funga koki. Kama sakafu ina maji usiguse mashine ukiwa peku, vaa ndala kavu kwanza, deki, ndiyo usogee. Umeme wetu ni volti 230 na nyumba nyingi waya wa ethi upo kwenye soketi kwa macho tu, nyuma haujaunganishwa popote.

Hatua ya 2: Tandika boksi, subiri

Hapa ndipo mafundi wengi wanaruka na mimi nasisitiza sana. Maji yanapotokea sakafuni sipo yanapovujia, yanateremka kwenye bati, yanafuata waya, yanatokea kona ya mbali kabisa. Kwa hiyo chukua boksi kubwa la karatasi, lifungue liwe bapa, andika kwa kalamu MBELE na NYUMA, lisukume chini ya mashine. Halafu rudisha plagi, fungua koki, washa mashine bila nguo, kaa hapo na tochi, na kila hatua ikibadilika vuta boksi uangalie. Doa la kwanza ndilo la kuamini, ukichelewa boksi lote linalowa na halikwambii kitu tena.

Sasa wakati:
- Inavuja ikiwa inajaza maji: angalia mpira wa kuingizia, valvu, droo ya sabuni.
- Inavuja ikifua au ikikamua: raba ya mlango, mipira ya ndani, au sili ya dramu (raba inayozuia maji nyuma ya dramu).
- Inavuja ikitoa maji tu: pampu, filta, mpira wa kutolea.
- Inavuja ikiwa imezimwa: nenda moja kwa moja hatua ya 5, na uisome yote.

Nikipigiwa simu swali langu la kwanza siku hizi ni hilo, "inavuja muda gani?", na mtu akisema "muda wote tu" namwambia aende kwenye boksi kwanza, ndiyo anipigie tena.

Hatua ya 3: Mpira wa kuingizia maji

Ile nati ya plastiki ya inchi robo tatu inazibwa na washa ya raba iliyo ndani yake, nyuzi hazizibi maji kabisa. Kwa hiyo tredi tepu (ile tepu nyeupe ya mafundi bomba) hapo haina kazi, na ukiizungusha nyingi nati inakaa upande na ndiyo unazidisha kuvuja. Tredi tepu weka upande wa koki inapoingia kwenye bomba la ukutani, huko ndiko kwake. Hapa badilisha washa, kaza kwa mkono mpaka mwisho, ongeza robo mzunguko kwa plaizi, basi. Ukikaza kwa hasira unapasua mdomo wa valvu nyuma ya mashine, na hapo umetoka kwenye washa ya bei ndogo umeingia kwenye valvu nzima.

Hatua ya 4: Droo na povu

Chomoa droo, ioshe kwa brashi, toa ule uji wa sabuni ulioganda, pitisha brashi pia kwenye matundu ya juu ndani ya kile kijumba cha droo maana maji yanatokea pale. Na acha kutumia sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono. Ile imetengenezwa itoe povu jingi, kwenye mashine povu linapanda mpaka linatokea kwenye droo na mtu anasema mashine inavuja. Nunua iliyoandikwa ya otomatiki, na weka kidogo kuliko unavyodhani.

Hatua ya 5: Inavuja ikiwa imezimwa

Kwa shemeji ilikuwa hivi. Jioni wanafua, mashine inamaliza vizuri, sakafu kavu. Wanaacha mlango wazi usiku ili raba isiote ukungu, na ni jambo zuri hilo, mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha. Asubuhi bafuni maji tupu, na ukiangalia unaona kabisa yamechuruzika kutoka kwenye mdomo wa mlango. Sasa mtu yeyote akiona maji mlangoni atasema raba. Nikaibadilisha, nikajaribu mara tatu mchana, kavu, nikaondoka. Usiku wa pili yake, maji.

Kilichokuwa kinatokea ni kwamba valvu ya kuingizia maji haikuwa inafunga mpaka mwisho. Ilikuwa inapitisha maji kidogo, uzi mwembamba usio na sauti, yanashuka kwenye droo, yanaingia kwenye dramu, na kwa sababu mlango uko wazi yakifika usawa wa mdomo yanamwagika sakafuni. Mchana sikuona kitu kwa sababu nilikuwa nafunga mlango, nawasha, nikimaliza nafunga koki, naondoka. Lita 4 kwa saa huwezi kuzisikia, lakini kwa muda wa saa nane usiku kucha ni lita 32, na mdomo wa mlango kwenye mashine nyingi hauhitaji hata kiasi hicho. Na usidhani ukifunga mlango umepona. Maji yanapanda tu mpaka yapate pa kutokea, kwa kawaida kwenye mpira wa kutolea ambao umening'inizwa kati ya sentimita 60 na 100, yanaenda kwenye shimo kimya kimya, na wewe unashangaa tanki linaisha.

Jaribu hivi, na usiharakishe. Kausha ndani ya dramu kwa tambara, izungushe kwa mkono uhakikishe hakuna maji yamebaki. Chomoa plagi. Fungua koki yote. Vuta droo itoke kabisa, mulika tochi juu kwenye yale matundu. Kaa dakika kumi, usipoona kitu weka tishu kavu pale chini ya matundu uende ukafanye shughuli nyingine, urudi baada ya saa moja. Tishu ikilowa na plagi iko nje, valvu haifungi, hiyo ni shida ya kimakenika. Tishu ikiwa kavu, rudisha plagi bila kuwasha programu yoyote, subiri tena. Ikilowa sasa wakati mwanzo haikulowa, basi bodi ya umeme inayoongoza mashine inapeleka umeme kwenye valvu hata mashine ikiwa imelala, hapo mpelekee fundi wa bodi na usihangaike na valvu. Watu wengi wanaruka huu mgawanyo wananunua valvu mpya na maji yanaendelea vile vile.

Kwa nini valvu haifungi? Kwa huku kwetu nimekutana na sababu tatu na mara nyingi zinakuja pamoja.

Ya kwanza ni mchanga. Mgao ukirudi, maji ya mwanzo yanakuja na tope, yanaingia kwenye simtanki, yanatua chini. Nyuma ya mashine ukifungua nati ya mpira utaona chujio dogo la plastiki, kama kikofia chenye matundu. Hilo ndilo linalinda valvu. Sasa mtu akiona mashine inachelewa kujaza anamwita fundi, fundi analing'oa chujio "ili maji yaje kwa kasi", maji yanakuja kwa kasi kweli, na wote wanafurahi miezi miwili. Kwa shemeji chujio halikuwepo. Nilipobadilisha valvu yake, ile ya zamani niliifungua nyumbani kwangu, ndani kuna kiraba cha duara chembamba kama ngozi ya nyanya, na pale kinapokalia kulikuwa na punje moja ya mchanga, ndogo kuliko ulezi, imeshatengeneza shimo lake kwenye raba. Punje moja. Nakuomba, usitoe chujio. Livute taratibu kwa plaizi ndogo, lisafishe kwa mswaki, lirudishe. Likiwa limechanika nunua jingine.

Ya pili ni presha ndogo, na hii ilinichukua muda kuielewa kwa sababu unategemea presha kubwa ndiyo ivujishe. Hizi valvu hazitegemei koili (waya uliosokotwa unaopokea umeme) peke yake ili zifunge. Umeme wa koili ukikatika, kichuma kidogo kinashuka, halafu presha ya maji yenyewe ndiyo inakikandamiza kile kiraba kikae. Presha ikiwa ndogo hakuna wa kukikandamiza. Angalia stika au kitabu cha mashine yako, nyingi zinataka kuanzia 0.05 au 0.1 MPa (megapaskali, kipimo cha presha). Kila mita 10 za urefu wa maji ni kama 0.1 MPa. Sasa simtanki iko kwenye stendi ya mita 3, toa na urefu wa koki kutoka sakafuni, jumlisha maji yaliyomo, unapata kama 0.03 hivi. Haitoshi. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye tanki la chini mashine zinachelewa kujaza, sabuni haisombwi yote kwenye droo, na valvu inachuruzika. Dawa yake ni kuinua tanki au kuweka pampu ndogo ya kuongeza presha inayojiwasha yenyewe. Mimi napendelea pampu, stendi ya kufika mita 6 au 7 kwa lita elfu moja za maji ni tani nzima juu ya kichwa cha mtu, na sijaridhika na uchomeleaji wa stendi nyingi ninazoziona mtaani.

Ya tatu ni chumvi ya maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Dar unaijua kwa jinsi birika linavyoota ukoko mweupe. Ukoko ule ule unaota kwenye valvu. Kama ni huo tu, valvu ikishatoka iloweke kwenye siki usiku mmoja, upande wa maji tu, koili na pini za waya zisiingie, halafu isuuze. Wakati mwingine inapona. Kama kuna mchanga ulioshakata raba haiponi, badilisha.

Kubadilisha ni rahisi, lakini piga picha kabla hujachomoa waya hata mmoja, maana valvu za njia mbili au tatu koili zinafanana na ukibadilishana waya maji ya kusuuza yatapita kwenye sabuni. Kariakoo nenda na valvu yenyewe mkononi, usiende na picha tu. Linganisha idadi ya njia, mdomo kama umenyooka au umepinda, nafasi ya skrubu, na volti iliyoandikwa kwenye koili, iwe 220 mpaka 240. Ya volti 110 utauziwa bila mtu kujali, na itaungua.

Na mpaka upate spea, funga koki kila mkimaliza kufua. Kwangu hiyo ni sheria hata mashine ikiwa nzima.

Hatua ya 6: Raba ya mlango na filta

Vuta mikunjo ya raba kwa vidole uzunguke yote, chini hasa, ndiko kunakaa sarafu, pini za nywele na waya wa sidiria. Futa nywele na uji wa sabuni kwenye raba na kwenye kioo. Ikiwa imechanika badilisha. Silikoni na supagluu hazikai, raba inanyumbuka kila mzunguko, usipoteze hela. Filta ya chini ukiisafisha, angalia oringi yake (pete ya raba) haijapinda kabla hujairudisha.

Hatua ya 7: Mpira wa kutolea maji, na panya

Mashine nyingi chini ziko wazi, na panya wanapenda joto la mota. Laza mashine chali juu ya godoro kuukuu, watu wawili, baada ya kutoa maji yote, na upapase kwa kidole mpira mzima unaotoka kwenye pampu. Alama za meno huwa ni vijimistari viwili viwili kwenye mikunjo, macho hayavioni ila kidole kinavihisi. Mpira ulioumwa unabadilishwa mzima, selotepu haizuii. Klipu za springi zirudishe zile zile kama hazijashika kutu, zinafuata mpira ukitanuka kwa maji ya moto, zile za kukaza kwa bisibisi watu wanazikaza mpaka zinakata mpira. Ukimaliza ziba chini kwa wavu wa chuma lakini acha hewa ipite.

Hatua ya 8: Sili na beringi

Maji yanadondoka katikati ya nyuma, mashine inanguruma ikikamua, na ukiinua dramu kwa mkono inacheza. Hapo sili imekufa na maji yameshaingia kwenye beringi (zile gololi ambazo dramu inazungukia). Badilisha vyote pamoja, ukibadilisha sili peke yake utafungua tena. Kabla ya kulipa mtu, uliza kama tangi la mashine yako linafunguka kwa skrubu, maana mengine yameunganishwa moja kwa moja kiwandani na yanatakiwa kukatwa kwa msumeno, na hiyo kazi mimi siifanyi, namwambia mtu ukweli atafute tangi zima au aweke hela kwenye mashine nyingine. Wakati unasubiri spea, kamua kwa mizunguko 400 au 600 kwa dakika, usiende 1200, na nguo nzito kama mablanketi zifue kwa mkono.