Kukata silabi na kupata mkazo wa vielezi virefu vya Kiingereza

Mdogo wangu alikuwa akijiandaa kusoma hotuba, akanasa kwenye unfortunately. Mkazo aliutupa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea katika Kiswahili: an-fo-chu-NEIT-li. Tulilinyoosha hivi.

1. Ng'oa -ly. Kinachobaki kwa kawaida ni kivumishi.

2. Tafuta mkazo wa kivumishi hicho. Kwa kawaida -ly haiuhamishi: an-FO-chu-nit, an-FO-chu-nit-li. Angalia pia kwamba -ate ya kivumishi hutamkwa "it" hafifu, si "eit".

3. Maneno ya -ically. Hapa niliwahi kupoteza jioni nzima, kwa sababu nilihesabu silabi kwa vitone vya kamusi. Vitone vya Merriam-Webster vinaonyesha pa kukatia neno mstari unapoisha. Mdomo una hesabu yake. Tangu siku hiyo vitone sivitazami kabisa, nasoma alama za IPA tu, yaani alama za kimataifa za matamshi. Nako kuna mtego: kialama ˈ hukaa kabla ya silabi yenye mkazo, nami nilikuwa nakisoma kana kwamba kiko baada yake.

Ukisikiliza vizuri, -al- ya katikati humezwa. Basically ni BEI-si-kli, silabi 3. Automatically ni o-to-MA-ti-kli, silabi 5. Enthusiastically, pamoja na herufi zake zote 16, ina silabi 6 tu: in-thyu-zi-AS-ti-kli. Mkazo huangukia silabi iliyo kabla ya -ic. Politically nalo hutii, po-LI-ti-kli. Mkaidi ni politics, PO-li-tiks, kwa hiyo usianzie kwenye nomino.

4. Maneno ya -arily huivunja hatua ya 2. Necessary ni NE-se-se-ri, lakini Wamarekani husema ne-se-SE-ri-li. Uingereza wapo wanaouacha mkazo mwanzoni na kumeza silabi ya katikati, wapo pia wanaousogeza. Mimi hufundisha kuusogeza, maana kumeza silabi na kukimbia kwa pamoja humshinda anayeanza. Primarily na temporarily zifanye vivyo hivyo.

5. Piga kofi kwenye silabi ya mkazo, nyingine zote zinong'one. Ukijikuta unapiga makofi mawili yenye nguvu sawa, rudi hatua ya 1.