Namna ya Kutambua Mchoraji na Asili ya Katuni za Zamani

Mtu anayepekua masanduku ya vitabu vikuukuu Kigoma Mjini au Ujiji anaweza kukuta kurasa za katuni zilizofika kwa reli kutoka Dar es Salaam, kwa ziwa kutoka Bujumbura au Kalemie, au hata kutoka Ubelgiji, nchi iliyouteka mji huu mwaka 1916 na kupewa eneo lake bandarini kwa mkataba wa 1921. Kwa hiyo ukurasa usio na jalada usihukumiwe kwa lugha yake pekee, wala kwa mtindo wa uchoraji, ambao ndio shahidi dhaifu kuliko wote ingawa wengi huanza nao.

Kwanza hakikisha kama ulichonacho ni mchoro wa mkono au ukurasa uliochapwa. Ukiutazama kwa kioo cha kukuzia, rangi za chapa huonekana kama vitone vilivyojipanga, ilhali mchoro wa mkono huwa na wino uliokolea hapa na kupungua pale, penseli isiyofutika vizuri, rangi nyeupe iliyoficha kosa, na mara nyingine vipande vya karatasi vyenye maneno vilivyobandikwa juu. Kwa kazi za Marekani pima pia ukubwa: hadi mwaka 1967 hivi eneo la kuchora lilikuwa takriban inchi 12 kwa 18, kisha likapunguzwa kuwa 10 kwa 15.

Baada ya hapo soma maandishi madogo, hasa ya ukingo wa chini na ukurasa wa mwisho. Anwani yenye S.L.P. huelekeza Tanzania au Kenya, na yenye B.P. (yaani sanduku la posta kwa Kifaransa) huelekeza nchi inayotumia Kifaransa. Majina nayo hubana tarehe: Léopoldville, mji mkuu wa Kongo, ilibadilishwa kuwa Kinshasa mwaka 1966, nchi hiyo iliitwa Zaire kati ya 1971 na 1997, na bei iliyoandikwa kwa makuta, sarafu ya huko, haiwezi kuwa ya kabla ya 1967. Machapisho ya vijana ya Ufaransa hutaja sheria ya Julai 16, 1949. Vitabu vya Ubelgiji vya kuanzia 1966 huwa na namba ya herufi D ikifuatwa na mwaka, ila mwaka huo unaweza kuwa wa toleo la kwanza na nakala yako ikawa imechapwa baadaye sana. Vitabu vya Tintin vya mchoraji Mbelgiji Hergé hupotosha wengi kwa namna hiyohiyo. Geuza kitabu utazame orodha iliyo nyuma ya jalada: ikiishia na Vol 714 pour Sydney, kwa kawaida nakala hiyo ni ya kati ya 1968 na 1976, hata kama ndani pameandikwa 1946.

Sahihi huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa jina lililoandikwa kwenye fremu si lazima liwe la aliyeshika kalamu. Katuni za The Phantom zina jina la Lee Falk, mtunzi wa hadithi, ilhali zilichorwa kwa nyakati tofauti na Ray Moore, Wilson McCoy na Sy Barry. Mhusika naye si uthibitisho. Chakubanga wa gazeti la Uhuru hutuelekeza kwa Christian Gregory, na Juha Kalulu kwa Edward Gitau wa Kenya. Lakini Philip Ndunguru, aliyechora katika Sani, alifariki mwaka 1986 na wahusika wa gazeti hilo wakaendelea kuchorwa na wengine.

Mtindo uje mwisho, na hapo usiangalie sura za wahusika, maana hizo ndizo huigwa kwanza. Linganisha masikio, vidole, mikunjo ya nguo magotini, na jinsi herufi zilivyoandikwa ndani ya viputo vya maneno, ukitumia kazi ambayo mchoraji wake anajulikana kwa hakika. Kwa magazeti ya Tanzania, pa kutafutia kazi za kulinganisha ni Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam.

Matokeo yaandikwe kwenye karatasi ya pembeni, kila dai na ushahidi wake, na neno “inadhaniwa” litumike bila aibu pale ambapo mtindo ndio ushahidi pekee. Mgongo wa mchoro usiandikwe kwa kalamu ya wino, na mpasuko usizibwe kwa utepe wa gundi (selotepu), kwani gundi yake hugeuka rangi na kula karatasi.